Stempu za kale za Marekani: anza na meno, sura iwe ya mwisho

Ukimwaga mezani bahasha ya stempu za Marekani za karne ya 19, kitakachokuchosha kwanza ni sura. Washington, Franklin, Washington tena, Jackson, Franklin tena. Nyingi hazina mwaka wowote, na pale mwaka ulipoandikwa mara nyingi si wa kutolewa kwa stempu. Basi anayeanza hufungua katalogi, hutafuta picha inayofanana na yake, na kabla chai haijapoa ameshajiona tajiri, kwa sababu picha ileile imetumika kwenye stempu ya bei ya soda na kwenye stempu ya bei ya nyumba.

Katika fani hii picha huja mwisho. Tazama ukingo kwanza, yaani meno yaliyobaki pale stempu ilipochanwa kwenye safu ya matundu, kisha karatasi, kisha rangi, ndipo umwangalie usoni mwenye sura. Kanuni nyingine utakayotembea nayo njia nzima: stempu uliyonayo ichukulie kuwa ile ya kawaida kabisa mpaka ikuthibitishie vinginevyo.

Vifaa na tahadhari

Unahitaji kibano cha stempu chenye ncha bapa (si kile cha kung'olea nyusi, kinachana karatasi), lenzi ya kukuza mara 10, kipimo cha meno, na kisahani cheusi chenye kina kidogo. Kipimo cha meno ni kadi au plastiki yenye safu za nukta, hakigharimu sana. Kinaeleza idadi ya matundu katika urefu wa sentimita 2. Kwa hiyo "meno 12" haina maana kwamba upande mzima wa stempu una meno 12; hapo wengi hupotea siku ya kwanza.

Stempu iliyo bado kwenye bahasha yake ya zamani usiibandue. Bahasha ina mji, muhuri, nauli, pengine na barua yenye tarehe ndani, na hayo yote ni ushahidi ambao maji ya beseni yatauondoa. Zilizokatwa na kipande cha karatasi loweka kwenye maji ya uvuguvugu, ziache zijitenge zenyewe, kisha zikaushe kifudifudi.

Hatua ya 1: Je, ni stempu ya posta?

Swali linaonekana la kitoto, lakini robo saa hapa inaokoa wiki nzima. Ukiona maneno "U.S. INTER. REV.", hiyo ni stempu ya kodi, iliyoanza 1862 wakati serikali ikitafuta fedha za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Zilibandikwa kwenye hati, chupa za dawa na hata viberiti, na nyingi zina sura ya Washington, ndiyo maana huchanganywa na za posta. Ukiona "Confederate States" na sura ya Jefferson Davis, hiyo ni ya majimbo ya kusini yaliyojitenga. Nakala zake za kuigiza zimechapwa kwa wingi kupita kiasi, kwa hiyo usichangamke. Na kile kipande cha mraba chenye kichwa cheupe kilichotuna juu ya karatasi ni pembe iliyokatwa kutoka bahasha iliyouzwa na posta ikiwa tayari na stempu yake. Bahasha za namna hiyo zilianza 1853.

Halafu pitisha macho, si kidole, kwa lenzi kwenye mistari. Stempu za kawaida za Marekani za karne hiyo zote zilichapwa kwa mabamba ya kuchongwa, na wino wake huacha mistari myembamba iliyoinuka kidogo. Ukiona vinukta vidogo kama vya picha ya gazeti, unayo nakala, hata kama karatasi imepakwa rangi ya majani ya chai ili ionekane kuukuu.

Hatua ya 2: Meno

Hapa unagawanya rundo lote mara tatu.

Isiyo na meno kabisa: 1847 hadi 1857. Watu wa posta walizikata kwa mkasi, na unaweza kuona mkono wa haraka wa karani kwenye ukingo uliokwenda upande.

Meno 15½: 1857 hadi 1861. Ni madogo, yamesongamana, na mara nyingi yameingia ndani ya picha kwa sababu nafasi kati ya stempu na stempu ilikuwa finyu.

Meno 12: kuanzia 1861, na yakaendelea mpaka ndani ya karne ya 20.

Usisahau kwamba mkasi hauchagui mwenye nia njema. Stempu ya 1857 ikikatwa meno yake inakuwa "isiyo na meno", na bei inapanda kwa anayeamini. Ukikuta moja iliyokatwa hadi kwenye mstari wa picha pande zote, iwe kwako ni ya meno iliyonyolewa. Jozi, yaani stempu mbili zilizoungana bila matundu katikati, ni ushahidi bora zaidi ya maneno ya muuzaji.

Katika zisizo na meno, toleo la kwanza la nchi nzima lilitoka Julai 1, 1847: senti 5 ya rangi ya kahawia yenye Franklin, na senti 10 nyeusi yenye Washington. Senti 5 ilipeleka barua nyepesi ndani ya maili 300, senti 10 zaidi ya hapo. Chini kabisa ya picha kuna herufi ndogo RWH&E, ufupisho wa kampuni ya New York iliyozichonga, Rawdon, Wright, Hatch & Edson. Kampuni hiyohiyo haikuhusika na nakala rasmi zilizochongwa upya 1875 kwa ajili ya maonyesho ya Philadelphia ya mwaka uliofuata, na hizo hazikuweza kutumika posta. Kuzitofautisha kwenye senti 5, angalia shati jeupe la Franklin upande wa kushoto: katika ya asili, linagusa fremu ya duara usawa wa juu wa herufi F ya neno FIVE, katika nakala linagusa usawa wa juu wa tarakimu 5.

Toleo la 1851 lilipigwa chapa Philadelphia na Toppan, Carpenter, Casilear & Co. Senti 1 ya buluu ina Franklin, senti 3 ina Washington, na hii ya senti 3 ndiyo utakayokutana nayo mara kwa mara, kwa sababu senti 3 ndiyo ilikuwa nauli ya barua ya kawaida. Rangi yake ya mwanzo, 1851, ni kahawia inayoelekea chungwa. Baadaye ikawa nyekundu iliyofifia. Meno yalipoingia 1857, mabamba mengi yaliondolewa mstari wa nje wa juu na wa chini, ukabaki wa pembeni tu. Senti 1 ya Franklin nayo ina aina nyingi kulingana na mapambo ya juu na chini yalivyopunguzwa kwenye bamba. Wapo waliomaliza maisha kwenye stempu hiyo moja. Wewe kwa sasa andika "1851 hadi 1861" na usonge mbele.

Hatua ya 3: Vita, na herufi mbili za pembeni

Vita vilipoanza 1861, ofisi za posta za kusini zilikuwa na akiba kubwa ya stempu ambazo waasi wangeweza kuziuza kaskazini na kupata fedha. Serikali mjini Washington ikaamua kuzifuta zote zisitumike tena, ikatoa mpya kupitia National Bank Note Company ya New York. Kwa mkusanyaji huu ni mstari safi kabisa. Toleo jipya lina meno 12, na pembe za chini zina herufi U na S. Senti 3 ya waridi yenye Washington ndiyo ya kawaida. Ukiona Washington wa senti 3 mwenye meno yaliyosongamana na hana U na S, yuko kabla ya vita. Mwenye meno 12 na herufi hizo yuko ndani yake.

Mbili zilifuata baadaye: senti 2 nyeusi ya 1863, ambamo uso wa Andrew Jackson umejaza stempu karibu yote, na senti 15 nyeusi ya 1866 yenye Abraham Lincoln, mwaka mmoja baada ya kuuawa kwake.

Hatua ya 4: Grili

Posta iliogopa watu kuosha mihuri na kutumia stempu mara ya pili. Mwaka 1867 ikaanza kuzigonga kwa chombo chenye vipiramidi vidogo, ili karatasi ipasuke kidogo na wino wa muhuri uzame ndani. Alama hiyo huitwa grili. Geuza stempu, iinamishe kwenye mwanga wa pembeni, utafute kiraka cha pembe nne cha vinundu.

Grili huainishwa kwa herufi, kulingana na ukubwa. Ya E ina milimita 11 kwa 13, ya F ina 9 kwa 13, na hizi mbili ndizo utakazoziona zaidi. Ya G ni mraba wa milimita 9½ hivi, ya stempu za 1869. Kisha ipo Z, ambayo vilele vya vipiramidi vyake vimelala mlalo badala ya wima. Senti 1 ya Franklin yenye grili Z inajulikana kuwepo mbili tu: moja ni mali ya maktaba ya umma ya New York, na nyingine iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa zaidi ya dola milioni 4. Kila mwenye senti 1 ya buluu mtandaoni anaota kuwa na ya tatu. Grili ni rahisi kughushi, inatosha kipande cha chuma na subira, kwa hiyo usinunue grili yoyote ya bei kubwa kwa kuangalia picha ya simu.

Zile za 1869 zenyewe hazihitaji mwongozo. Ni karibu mraba, na kwa mara ya kwanza Marekani iliweka kitu kingine badala ya vichwa: mpanda farasi wa posta kwenye senti 2, treni kwenye senti 3, meli ya Adriatic kwenye senti 12. Umma haukuzipenda, hazikudumu.

Hatua ya 5: Kampuni tatu, picha moja

Hapa ndipo penye shule. Kuanzia 1870 hadi 1889 stempu zilezile zilichapwa na kampuni tatu kwa zamu: National Bank Note hadi 1873, kisha Continental Bank Note, kisha American Bank Note, iliyoimeza Continental Februari 1879. Mabamba yalirithiwa. Kwa macho ya haraka hakuna tofauti.

Chukua senti 3 ya kijani yenye Washington. Nadhani ndiyo stempu bora ya kujifunzia kuliko zote: ilichapwa kwa wingi mno, bei yake ni ndogo, na inabeba karibu kila swali la fani hii. Nunua rundo la mia moja zilizotumika na uzipange.

Anza na rangi. Senti 3 ilikuwa ya kijani kuanzia 1870 hadi 1887, ilipogeuzwa kuwa nyekundu ya chungwa. Kisha geuza utafute grili. Ukiikuta, ni ya National, ya miaka ya mwanzo. Nyingi hazina.

Sasa lenzi. Continental walipopokea kazi waliweka alama za siri kwenye mabamba ya stempu za bei ndogo ili kazi yao ijulikane. Kwenye senti 3, angalia utepe wa kushoto: sehemu ya chini ya mkia wake wa juu imetiwa kivuli kizito. Kwenye senti 1 ya Franklin, ndani ya lulu iliyo kushoto kwa tarakimu 1 kuna kihilali kidogo. Kwenye senti 2 ya Jackson ni kistari cha mshazari chini ya pambo lililo kushoto kwa "U.S.". Kwenye senti 6 ya Lincoln, mistari minne ya kwanza ya wima ya kivuli katika sehemu ya chini ya utepe wa kushoto imekolezwa. Kwenye senti 12 ya Henry Clay, vidoto vya tarakimu 2 vimekuwa vihilali. Usitafute alama kwenye senti 30 na senti 90, hutaiona. Na usiamue kwa stempu moja. Weka mbili sambamba, moja unayoamini ina alama, nyingine huna hakika, macho yatazoea kwa kulinganisha. Muhuri mzito ukiwa juu ya alama, iweke stempu hiyo pembeni bila ugomvi.

Alama ikiwepo, iliyobaki ni Continental au American, kwa kuwa American walitumia mabamba yaleyale. Karatasi ndiyo itakayoamua. Ya Continental ni ngumu: ukiinua kwenye taa inaonekana sawasawa, na ukiigusa ukingo kwa upole ukiwa umeishika kwa kibano hutoa mlio mkavu. Ya American ni laini, kwenye taa inaonyesha mtandao wa nyuzi kama chachi, na mlio wake ni butu. Stempu iliyochoka usiipige kucha kutafuta mlio, itavunjika, mwanga unatosha.

American nao walichonga upya baadhi ya picha mwaka 1881 na 1882. Senti 3 iliyochongwa upya ina kistari kifupi cha mlalo chini ya herufi TS za neno CENTS, na kivuli pembeni ya duara kimepungua. Ukikiona hicho kistari, umemaliza kazi, hata karatasi huhitaji kuiuliza.

Senti 2 nayo ina kalenda yake kwa rangi: Jackson wa kahawia 1870, Jackson wa chungwa-nyekundu 1875, Washington wa kahawia-nyekundu 1883, Washington yuleyule wa kijani 1887. Ila kuwa macho na rangi. Stempu za chungwa na nyekundu hugeuka nyeusi zikikaa kwenye hewa yenye salfa, na jua hufifisha chochote. "Rangi adimu" nyingi zinazouzwa ni ugonjwa wa karatasi tu.

Hatua ya 6: Pembetatu

Mwaka 1890 American walitoa seti mpya, ndogo kidogo kwa umbo, Franklin wa senti 1 akiwa buluu na Washington wa senti 2 akiwa mwekundu. Mwaka 1894 serikali ilichukua uchapishaji mikononi mwake kupitia Bureau of Engraving and Printing mjini Washington, ikatumia picha hizohizo na kuongeza pembetatu ndogo kwenye pembe za juu. Hakuna pembetatu: 1890 hadi 1894. Zipo: 1894 na kuendelea.

Kwenye senti 2 nyekundu pembetatu zenyewe ni za aina tatu. Mistari ya mlalo ikipita ndani ya pembetatu kwa unene uleule, ni aina ya kwanza. Ikiwa myembamba ndani yake, ya pili. Ikisimama bila kuvuka fremu ya pembetatu, ya tatu, ambayo ndiyo ya kawaida.

Kuanzia 1895 karatasi ilipewa alama ya maji, herufi kubwa USPS za mistari miwili, zilizosambaa karatasi nzima, hivyo stempu moja hupata kipande cha herufi tu. Laza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, tia matone ya mafuta ya kujazia viberiti vya chuma, alama itajitokeza kama kivuli na kutoweka yakikauka. Fungua dirisha, na usikaribie jiko wala sigara; mafuta hayo hushika moto haraka.

Mwaka 1898 senti 1 ikawa ya kijani na senti 5 ya buluu nzito, ili kufuata mpango wa Umoja wa Posta Duniani: kijani, nyekundu, buluu. Kwa hiyo Franklin wa buluu mwenye pembetatu ni wa 1894 hadi 1898, wa kijani ni baada ya hapo. Wanaokusanya stempu za pwani yetu mpango huo wanaujua: stempu za Kijerumani zilizogongwa pesa 3, pesa 5 na pesa 10 mwaka 1893 kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa tayari kijani, nyekundu na buluu kwa mfuatano huo.

Miaka inayodanganya

Seti ya Columbus imeandikwa 1492 na 1892, lakini ilitolewa 1893. Seti iliyoanza 1902 ina miaka ya kuzaliwa na kufa kwa mwenye sura, 1706 na 1790 kwa Franklin. Kuna watu huuza hiyo kama "stempu ya 1790", wakati Marekani haikuwa na stempu za nchi nzima hadi 1847. Na Washington na Franklin wa 1908 hadi 1922 waache kwanza: picha chache, meno tofauti, alama za maji mbili tofauti na baadaye hakuna kabisa. Rudi kwao mkono ukishazoea kipimo.

Hatua ya 7: Bahasha na muhuri

Nauli inasaidia kuliko muhuri. Barua ya kawaida ilikuwa senti 3 tangu Julai 1, 1851 hadi Septemba 1883. Oktoba 1, 1883 ikashuka kuwa senti 2. Barua ya ndani ya nchi yenye senti 2 moja tu kwa safari ya mji hadi mji imetumwa baada ya hapo. Kulipia kabla kukawa lazima 1855, na kutumia stempu kukawa lazima Januari 1, 1856, kwa hiyo bahasha ya miaka ya mwanzo isiyo na stempu si lazima iwe imeporwa.

Mihuri ya zamani mara nyingi ina mwezi na siku bila mwaka. Alama za kalamu ya wino ni za kawaida miaka ya 1840 na 1850. Miaka ya 1860 na 1870 makarani walichonga vizibo vya chupa wakapata nyota, misalaba, hata mafuvu. Muhuri wa mashine wenye bendera inayopepea unakupeleka miaka ya 1890 na baadaye.

Cheti

Wauzaji huandika namba ya Scott, katalogi inayotumika sana kwa stempu za Marekani, si maelezo. Usinunue namba, nunua stempu uliyoipima mwenyewe hatua kwa hatua. Bei ikipanda kiasi cha kukukosesha usingizi, omba cheti cha wataalamu, kama wale wa Philatelic Foundation ya New York au wa American Philatelic Society iliyoko Bellefonte, Pennsylvania, na uhakikishe picha iliyo kwenye cheti ndiyo stempu iliyo mkononi, jino kwa jino na muhuri kwa muhuri. Vyeti halisi hutembea na stempu zisizo zao. Kwa senti 3 ya kijani ada ya cheti inazidi bei ya stempu mara nyingi, kwa hiyo hapo lenzi na taa vinatosha.